Je, Wajua? Lusina na Usiku wa Jalidi

Je, wajua kuwa lusina, mti wa malisho wenye asili ya Meksiko, hukaribia kuacha kukua joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, hata kabla jalidi haijaanguka?

Je, wajua jalidi huliuaje jani? Maji yaliyo nje ya seli huganda, na barafu hiyo huyafyonza maji ya ndani mpaka seli zinaharibika. Alfajiri jani linameta weupe. Jua likichomoza, jani hilo linalegea, na muda si mrefu linakuwa jeusi, kama mboga iliyochemshwa.

Je, wajua hewa baridi ni nzito, na usiku hutiririka kama maji hadi bondeni? Kwa hiyo panda miti yako mteremkoni. Huko Queensland, Australia, wafugaji huwalisha ng'ombe lusina mapema kabla ya jalidi, kwa sababu jani lililoungua hupukutika na malisho yakapotea bure.

Je, wajua matandazo huweza kuponza na kuokoa? Udongo mtupu wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Ukiufunika kwa nyasi kavu, mche mdogo hukosa joto hilo. Lakini nyasi hizo hizo, zikirundikwa kwenye shina la mti uliokwisha kushika mizizi, hukinga kisiki. Na kisiki ndicho cha kupigania! Kule Florida, Marekani, mlonge huungua hadi ardhini, kisha huchipua upya joto likirudi. Lusina nayo ni hivyo hivyo.

Je, wajua tagasaste, mti wa kisiwa cha La Palma katika Visiwa vya Kanari, ukikomaa huvumilia hadi nyuzi 9 chini ya sifuri? Mche wake mchanga hauwezi. Penye theluji ya kweli, mimi ningepanda mforosadi mweupe: hupukutisha majani, hulala, huamka.

Nawe wa Njombe au Mufindi, Tanzania, ukiona miti yako ya malisho imekuwa myeusi mwezi Julai, tafadhali usiing'oe. Usiipogoe pia mpaka baridi iishe, maana matawi makavu hukinga yaliyo chini yake, na kupogoa mapema huita machipukizi laini yatakayoungua tena. Kwangua gome kwa ukucha, karibu na ardhi. Ukiona kijani, mti ungali hai.