Injini ya Ndege Haisubiriwi Itoe Moshi

Katika Munyaka, mtaa wa Eldoret ulio upande wa barabara ya Iten, fundi wa bodaboda hahitaji maelezo mengi. Moshi wa samawati ukitoka nyuma na oili ikipungua bila kuvuja, ringi zimekwisha. Mwenye pikipiki ataisukuma hadi gereji, na kesho atarudi kubeba abiria.

Ndege haisukumwi. Mafundi wa ndege ndogo, kama zile Cessna 172 za Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, hulazimika kuuona uchakavu kabla haujajitangaza. Cessna nyingi za aina hiyo zimefungwa injini ya Lycoming O-320 yenye silinda 4, ujazo wa lita 5.2 na silinda zenye kipenyo cha milimita 130 hivi.

Kipimo kimoja hufanywa bila kuifungua injini. Plagi hutolewa, pistoni huwekwa juu kabisa, kisha hewa ya shinikizo la psi 80 huingizwa kwenye silinda na geji huonyesha iliyobaki. Kuvuja kidogo ni kawaida. La muhimu ni inakovujia. Hapo fundi hutega sikio. Mluzi ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi sawasawa. Ukisikika mahali pa kumiminia oili, lawama ni ya ringi au ukuta wa silinda. Katika mwinuko wa Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, injini isiyo na turbo tayari imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo silinda dhaifu ni hasara juu ya hasara wakati wa kuruka.

Oili nayo hutoa ushahidi. Chujio hukatwa na kukaguliwa kama kina vipande vya chuma, na sampuli hupelekwa maabara. Aluminiamu ikizidi, hushukiwa pistoni; shaba ikizidi, hushukiwa bushi. Kwa ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo, mimi ningetazama silikoni kwanza: ni vumbi lililopenya chujio la hewa, nalo husugua silinda kama msasa.

Injini ikifunguliwa, krankshafti hutiwa sumaku na kumwagiwa chembe za chuma zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Penye ufa, chembe hujipanga mstari. Aluminiamu haishiki sumaku, hivyo hupakwa rangi inayopenya kwenye nyufa. Silinda hupimwa kwa geji, na hapa mgeni angeshtuka: sehemu ya juu ni nyembamba kuliko ya chini. Kiwanda kiliitengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa juu hupata joto zaidi na kutanuka.

Lycoming hupendekeza O-320 ifanyiwe ukarabati mkubwa baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Hiyo miaka haikuwekwa bure. Katika injini hizi kamshafti iko juu ya krankshafti. Ndege ikilala miezi, oili huchuruzika, unyevu huingia na kutu huanza. Siku ya kuwashwa, kutu hiyo ndiyo inayoanza kuila kamshafti.

Hata upya si kinga. Agosti 2017, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru baadhi ya injini za Lycoming zikaguliwe kwa sababu bushi za fimbo za pistoni zilikuwa zikihama mahali pake. Injini zilizolengwa zilikuwa zimetoka kiwandani au kuwekewa vipuri hivyo muda mfupi tu uliotangulia.