Kumbukumbu ya Ngeli: Namna Mashine Inavyojifunza Mfuatano wa Maneno

Hebu tuitazame sentensi ambayo ingeweza kusikika asubuhi yoyote ufukweni Shangani, hapa Mtwara: "Chombo walichokinunua wavuvi wa Msimbati kimefika." Msemaji hasemi "wamefika", ingawa "wavuvi" wako karibu zaidi na kitenzi hicho. Ameihifadhi akilini ngeli ya "chombo" tangu mwanzo wa sentensi. Je, mashine nayo yaweza kuihifadhi?

Mwaka 1990 Jeffrey Elman wa Marekani alionyesha njia mojawapo. Mtandao wa neva wa aina aliyoieleza husoma neno moja baada ya jingine. Kila upokeapo neno, huliunganisha na muhtasari wa yaliyotangulia, kisha hubashiri neno lifuatalo. Muhtasari huo mpya hurejeshwa ndani kwa ajili ya hatua ijayo. Ndiyo maana twauita mtandao rejeshi. Ukibashiri "wamefika" ilhali matini ina "kimefika", kosa hupimwa na kurudishwa nyuma, hatua kwa hatua, ili kurekebisha nguvu ya viungo vya mtandao. Hakuna anayeupa jedwali la ngeli. Upatanisho huubaini kwa kukosea na kusahihishwa mara nyingi mno.

Hata hivyo, kosa hilo linaporudi nyuma huweza kufifia. Likipungua kwa nusu katika kila hatua, baada ya hatua 10 husalia sehemu moja tu kati ya 1,024. Neno la mbali basi halipati funzo. Mwaka 1997 Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walichapisha muundo wenye hifadhi inayolindwa na malango, ambayo hujifunza kipi kiingie na kipi kitolewe. Kwa njia hiyo, habari ya "chombo" yaweza kudumu hadi ifikie kitenzi chake. Tangu 2017 miundo isiyojirejea hivyo imeshika nafasi kubwa, lakini nayo hufunzwa kwa kubashiri maneno ya matini.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Mashine hujua kile tu ilichosomeshwa. Usemaji wa mwambao huu wa kusini, unaopakana na Kimakonde na Kimwani, haujaandikwa vya kutosha. Mashine isiyoukuta katika matini itauhesabu kuwa kosa, na kuusahihisha. Mwanafunzi aendaye Msimbati na daftari na kinasasauti, akanukuu kwa uaminifu asemavyo mvuvi, anaizuia hukumu hiyo kabla haijatolewa.