Kukata Neno Mwishoni mwa Mstari

Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa wingi wa viambishi. Mpanga herufi asipoyakata, mstari hujaa mianya. Neno Sumbawanga lisipoenea, akate wapi? Sum-bawanga huvunja silabi, kwani mb huanza silabi kwa pamoja. Sumba-wanga huhifadhi hata maana ambayo Wafipa hulipa jina hilo: tupa uchawi. Vivyo hivyo Kala-mbo na Mila-nzi, wala si Kalam-bo na Milan-zi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia. Lakini kompyuta iliyowekewa kanuni za Kiingereza haizijui silabi hizi, nayo hukosea kuliko fundi wa kale. Katika mtu, m ni silabi kamili. Hata hivyo isiachwe peke yake ukingoni.