Siri ya Shilingi Milioni Saba: Hesabu ya Kulinda Fomyula Kutoka Rubondo Hadi Mbarara

Kusajili siri ya biashara nchini Uganda kunagharimu shilingi sifuri, kwa sababu siri haisajiliwi. Sheria ya Ulinzi wa Siri za Biashara ya mwaka 2009 haina daftari, haina fomu, haina ada ya kila mwaka. Gharama imejificha kwingine: siku siri inapoibwa, mwenyewe ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ilikuwa siri kweli, kwamba ilikuwa na thamani ya pesa, na kwamba alichukua hatua za maana kuifunga. Asiyeweza kuonyesha hayo matatu hana siri mbele ya hakimu, hata kama anayo jikoni.

Kwa kampuni kubwa, hiyo ni kazi ya idara ya sheria. Kwa mjasiriamali wa Rubondo, ni hesabu ya mfukoni yenye maswali matatu: siri yangu ina thamani gani, kuitunza ni shilingi ngapi, na kuidai ikiibwa ni shilingi ngapi? Makala hii inapiga hesabu hiyo hadi mwisho.

Soko lenyewe

Rubondo ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na Base Camp na Juru, katika wilaya ya Isingiro. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo ina zaidi ya watu 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, mwendo wa makumi ya kilomita, sehemu yake ikiwa barabara ya vumbi.

Anayedhani huko hakuna biashara ya kulindwa aangalie utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014, uliohoji wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali na Kampala. Katika waliohojiwa, ni asilimia 1 tu waliotegemea msaada kwa kila kitu. Waliobaki walikuwa na shughuli ya kuingiza kitu. Na shughuli nyingi za aina hiyo, iwe sabuni, mkate, pilipili ya chupa, unga wa uji au rangi ya vitenge, zinasimama juu ya kipimo ambacho jirani hakijui.

Ukimbizi haumwondolei mtu haki hiyo. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Geneva wa 1951 kinampa mkimbizi, katika nchi anamoishi, ulinzi uleule wa mali ya viwanda anaopewa raia: uvumbuzi, michoro, alama za biashara, majina ya biashara. Uganda imo katika mkataba huo tangu 1976. Tena kwenye siri za biashara nchi hii ilitangulia. Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi maskini zaidi hadi tarehe 1 Julai 2034 kutimiza masharti yake ya mali ya ubunifu. Uganda ilitunga sheria ya siri miaka 25 kabla ya muda huo kuisha.

Swali la kwanza: siri ina thamani gani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama Neema, Mkongo wa Rubondo, anatengeneza pilipili ya chupa. Kila mwezi anauza chupa 400 kwa maduka ya Nakivale na Mbarara. Chupa yake inauzwa shilingi 4,000, ya washindani 3,000. Gharama ya kutengeneza ni ileile kwa wote. Kwa hiyo kila chupa inamwingizia 1,000 ambayo wengine hawaipati:

Chupa 400 × shilingi 1,000 = shilingi 400,000 kwa mwezi, au 4,800,000 kwa mwaka.

Lakini siri haidumu milele. Mshindani mwenye ulimi mzuri ataonja, atajaribu, na tuseme baada ya miezi 18 ataupata mchanganyiko huo kwa jasho lake. Hilo si wizi. Sheria ya siri haimzuii mtu kugundua mwenyewe kwa njia halali. Hivyo thamani ya siri ni pesa ya hiyo miezi 18 tu: 400,000 × 18 = 7,200,000.

Bado tunapunguza. Je, wateja wanalipa ile 1,000 kwa sababu ya ladha peke yake? Wengine wanalipia jina, chupa safi, na mzigo unaofika siku iliyoahidiwa. Tukigawa nusu kwa nusu, siri yenyewe inabaki na shilingi 3,600,000, sawa na 200,000 kwa mwezi. Nusu ya pili inalindwa kwa chombo kingine, alama ya biashara, ambayo nchini Uganda inasajiliwa kwa miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wafanyabiashara wengi huhangaika kuficha kipimo huku jina lao likiwa wazi kwa yeyote kulichukua.

Swali la pili: kuitunza ni bei gani?

Tuseme Mama Neema ana vijana wanne wa kazi, na kila mmoja anayejua kipimo chote ana uwezekano wa asilimia 5 kwa mwaka wa kuondoka nacho. Wakijua wote wanne, uwezekano wa siri kuvuja ndani ya miezi 18 ni kama asilimia 26. Akijua mmoja tu, ni asilimia 7. Kupunguza wanaojua kutoka wanne hadi mmoja kunaondoa pointi 19 za asilimia, na asilimia 19 ya 3,600,000 ni shilingi 684,000. Ila siri haivuji lazima siku ya kwanza. Tukichukua kwamba kwa wastani inavuja katikati ya muda, hasara inayoepukwa ni nusu yake: 342,000.

Hiyo ndiyo bajeti yake yote ya ulinzi. Akipita hapo, anailinda siri kwa pesa nyingi kuliko inachostahili.

Njia iliyo rahisi ni kugawa maarifa. Kijana mmoja anayejua kipimo anachanganya viungo nyumbani kwa Mama Neema, anavifunga katika mifuko yenye namba, na wenzake watatu wanaongeza pilipili mbichi, mafuta na chumvi bila kujua kilichomo kwenye mfuko namba 3. Akifanya hivyo saa 2 kila wiki kwa wiki 78, ni saa 156. Kwa 1,500 kwa saa, ni shilingi 234,000. Ongeza 100,000 ya sanduku la kufuli na karatasi za mikataba: jumla 334,000. Faida inayobaki ni shilingi 8,000 tu. Akichanganya mara moja kwa mwezi, saa 4 kila mara, ni saa 72, yaani 108,000, na jumla inashuka hadi 208,000. Sasa Mama Neema anabaki na 134,000. Mbinu ni ileile, kilichobadilika ni ratiba, na ratiba hiyo ndiyo iliyoamua kama ulinzi una maana.

Mbarara kuna mfano mkubwa wa mbinu hiyohiyo. Kiwanda cha Coca-Cola cha mjini humo hakina fomyula ya soda. Wafungaji wa chupa duniani kote hupokea maji mazito yaliyokwisha changanywa, wao wakaongeza maji, sukari na gesi. Mamia ya wafanyakazi wanaweza kupita katika kiwanda bila yeyote kuwa na kitu cha kuuza. Kinywaji hicho kilianza mwaka 1886. Kama fomyula ingepewa hataza ya miaka 20, ingekuwa mali ya umma zaidi ya karne moja iliyopita.

Hata hivyo hakuna kuta zisizo na ufa. Mwaka 2006, karani wa makao makuu ya kampuni hiyo huko Atlanta na wenzake walijaribu kuiuzia PepsiCo nyaraka za siri. Bei waliyofikia ilikuwa dola milioni 1.5. PepsiCo yenyewe ndiyo iliyoripoti, na mwaka 2007 karani alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Kilichokuwa kikiuzwa kilitoka ofisini, kwenye karatasi na sampuli za bidhaa mpya, mahali ambapo watu walikuwa wameaminiwa kuona zaidi ya walichohitaji.

Kuna tundu jingine dogo: lebo. Kanuni za chakula za Afrika Mashariki zinataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi. Lebo inatoa mpangilio, haitoi kiasi. Kwa hiyo siri ya Mama Neema isiwe kiambato kisichotajwa, maana atalazimika kukitaja. Iwe kwenye uwiano, moto na muda.

Swali la tatu: kuidai ni bei gani?

Sheria ya 2009 inampa mwenye siri silaha kuu mbili: zuio la mahakama, na fidia. Ila kila mwezi unaopita shauri likiendelea, siri inapoteza 200,000 kwa sababu muda wake unakwisha. Kesi yenye vikao 8, kimoja kwa mwezi, inakula 1,600,000 ya thamani kabla ya hukumu, labda zuio la muda lipatikane mapema.

Tupige hesabu ya kesi ya kuvunja mkataba. Mama Neema na shahidi wake wanakwenda vikao 8. Nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea tuweke 60,000 kwa kila mtu: 960,000. Wakili 1,500,000. Tafsiri, nakala na ada 200,000. Jumla ni 2,660,000.

Nafasi ya kushinda ikiwa nusu, dai linapaswa kuwa angalau 5,320,000 ili gharama irudi. Siri yake ni 3,600,000. Nusu yake ni 1,800,000, kwa hiyo anakwenda mahakamani kupoteza 860,000. Akipata wakili wa msaada wa bure, gharama inashuka hadi 1,160,000 na kizingiti hadi 2,320,000. Hapo kesi ina maana, lakini tu kama siri iliibwa mapema. Ikivuja miezi 9 baadaye, kilichobaki ni 1,800,000, na hata wakili wa bure haokoi hesabu.

Ngazi za mahakama za Uganda nazo zina namba zake. Utaratibu wa madai madogo unafika shilingi 10,000,000 na hauna mawakili, lakini unahusu deni, kodi ya pango na bidhaa zilizouzwa. Hakimu wa daraja la kwanza anafika 20,000,000, Hakimu Mkuu 50,000,000, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Dai la siri iliyoibwa haliingii kwa urahisi katika ule mlango wa bei nafuu. Deni linaingia. Ndiyo maana usuluhishi mbele ya viongozi wa wakimbizi au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) una thamani ya pesa ukimalizika kwa maandishi: kijana aliyechukua kipimo akikiri na kusaini kwamba atalipa shilingi fulani kwa tarehe fulani, ugomvi wa siri umegeuka deni, na deni lina njia fupi.

Ulinganishe na ngazi ya juu kabisa. Mwaka 2021, kampuni za Korea Kusini LG na SK zilimaliza ugomvi wao wa siri za betri za magari kwa won trilioni 2, karibu dola bilioni 1.8. Kwa kiasi hicho, miaka ya mawakili ni tone. Kwa 3,600,000, wakili mmoja ni karibu nusu ya mali yote inayogombaniwa.

Karatasi inayobeba kila kitu

Iwe usuluhishi au kesi, ushahidi unaanzia kwenye mkataba. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Ahadi ya mdomo kwamba "sitasema kwa mtu, mama" haitoshi kwa siri ya milioni 3.6.

Lugha nayo ina bei. Chini ya sheria ya Uganda inayowalinda wasiojua kusoma, mtu ambaye hawezi kusoma na kuelewa lugha ya hati anahesabiwa hajui kusoma kwa hati hiyo, hata kama ana diploma ya Bukavu. Aliyeiandika hati anapaswa kumsomea na kumweleza, kisha aandike jina na anwani yake. Mkataba wa Kiingereza ulionakiliwa mtandaoni na kusainiwa na kijana wa Kiswahili na Kifaransa unaweza kuanguka kwa sababu hiyo pekee. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: unataja kipimo ni siri ya nani, mfanyakazi anaruhusiwa kujua nini, na kiasi cha fidia kinacholingana na hasara halisi. Kiasi cha kutisha hakisaidii, kwa sababu mahakama hutoa fidia inayofaa hata kama karatasi imetaja zaidi.

Kanuni ya mfukoni

Hesabu hizi zinampa mfanyabiashara mpangilio wa kutumia pesa. Kwanza, zidisha faida ya ziada kwa miezi ambayo mshindani angehitaji kugundua mwenyewe, kisha uondoe sehemu inayotokana na jina. Kiasi hicho kikiwa chini ya milioni 2, gawa maarifa, andika ukurasa mmoja, na usiwaze mahakama. Kikiwa kati ya milioni 2 na 5, ongeza usajili wa alama na utafute wakili wa bure mapema, kabla ya tatizo. Kikizidi milioni 5, mlipe wakili aandike mikataba leo, maana hapo kesi inaweza kurudisha gharama yake. Katika viwango vyote vitatu, mtu mmoja aliyepunguzwa kwenye orodha ya wanaojua kipimo chote ana faida kuliko hukumu ya miaka miwili ijayo.