Tusiite Kila Kileo 'Pombe Haramu'

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii ilinijia majuzi nilipoalikwa na rafiki katika baa moja ya Westlands kuonja bia za aina ya IPA. Bia yenyewe ilikuwa na ukungu mzito, tena imetiwa embe. Mhudumu alitueleza kwa fahari kwamba mtindo huo ulianzia jimbo la Vermont, Marekani, na kwamba ukungu ule, utokanao na protini za nafaka na maua ya hopsi, ni dalili ya ubora.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kawangware, kwa mama mmoja apikaye busaa. Yake pia ilikuwa na ukungu. Alikuwa amevundika unga wa mahindi kwa siku kadhaa, akaukaanga juu ya bati, kisha akautia maji na kimea cha wimbi. Nilipomuuliza kuhusu ladha alinijibu bila kusita: "Mwalimu, hii ya leo bado ina utamu. Ya jana imechacha vizuri. Ya juzi imekuwa kali, hiyo siuzi."

Huo, mpenzi msomaji, ni uonjaji wa kitaalamu. Hata hivyo, askari wakitokea, mitungi yote mitatu humwagwa kwa jina moja: pombe haramu.

Lugha yetu ina hila hapa. Kitenzi 'kuchacha' hubeba maana mbili: maziwa yaliyochacha yameharibika, ilhali busaa isiyochacha bado si busaa. Nacho kivumishi '-kali' huelezea siki, jua, mbwa na mvinyo. Mpishi na mnywaji huzitenganisha maana hizi kwa ulimi. 'Pombe haramu' haitenganishi chochote: humweka mama wa busaa kapu moja na muuza sumu.

Kosa hili lina gharama. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 waliaga dunia hapa Nairobi, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, baada ya kunywa kileo kilichotiwa methanoli. Mei 2014 msiba kama huo ulikumba Embu, Kitui na kwingineko. Methanoli ile ni kemikali ya viwandani, haikutoka katika wimbi la mama yeyote. Lakini mnywaji anayeambiwa kwamba vyote ni haramu sawasawa atatambuaje kipi ni chakula cha mababu na kipi ni jeneza?

Kweli, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa na kuruhusu itengenezwe kwa leseni. Kule Kibera, ambako Wanubi walikeneka kinywaji hicho tangu enzi za ukoloni, ni mpishi gani wa kichochoroni awezaye kutimiza masharti ya kiwanda? Hivyo hujificha, na kilichofichwa hakikaguliwi.

Sitetei ulevi; nimeona nyumba zilizobomolewa nao. Ninachoomba ni kwamba wanahabari, machifu na mahakimu wakiite kila kitu kwa jina lake: busaa ni busaa, muratina ni muratina, chang'aa ni chang'aa, na sumu ni sumu. Kisha wapishi wadogo wapewe leseni wanayoimudu, na mitungi yao ipimwe.

Iwapo ukungu ni ubora Westlands, kwa nini uwe ushahidi wa hatia Kawangware?