Mwanafunzi wa Likasi, gawanya pesa zako siku ileile zinapofika

Kijana anayekuja kuanza masomo Chuo Kikuu cha Likasi kutoka Kambove, Lubudi au Fungurume mara nyingi hushika pesa ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja. Familia imechanga: baba ametoa, mjomba ameongeza, shangazi ametuma kwa M-Pesa. Zinafika kwa mkupuo, kisha wiki nyingi hupita bila kitu. Matumizi yake hayasubiri mkupuo mwingine. Bukari, makala ya kupikia, usafiri na fotokopi vinadai kila siku. Hapa ndipo bajeti za wanafunzi wetu huvunjika. Uchache wa pesa ni kweli, lakini pesa chache zilizogawanywa mapema humfikisha mtu mbali kuliko pesa nyingi zilizoachwa bila mpango.

Mji wetu unalijua jambo hili. Kuanzia mwaka 2003, kampuni ya madini ya Gécamines iliwaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watu waliokaa miezi mingi bila mshahara walipewa kwa mara moja malipo ya miaka yao ya kazi. Madeni yalikuwa yakiwasubiri, watoto wakidaiwa karo, ndugu wakiwa na shida zao. Katika familia nyingi pesa zile hazikukaa. Wazee wetu hawakuwa wapumbavu wala wavivu. Pesa ya mkupuo isiyopangiwa muda humezwa na haja za wiki za kwanza, hata awe nayo nani.

Basi panga kwa muda. Tuseme, mbali na ada ya chuo, umepewa dola 180 za miezi mitatu, na chumba chako katika komini ya Kikula ni dola 20 kwa mwezi. Toa kodi yote kwanza: 60. Toa 24 za silabasi na fotokopi, kwa kuwa zitadaiwa upende usipende. Weka 12 za malaria na dharura nyingine, usiziguse. Zimebaki 84. Gawanya kwa majuma 12, ukihesabu manne kwa mwezi: ni dola 7 kwa juma, yaani dola moja kwa siku. Asiyefanya hesabu hii ataamini katika juma la kwanza kwamba, baada ya kodi, ana 120 za kutumia. Anayeifanya anajua ukweli wake mapema, wakati bado anaweza kutafuta mwenzake wa kugawana naye chumba au kuzungumza na nyumbani.

Kuhusu chumba, ijue sheria. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi huomba zaidi, na mwanafunzi mgeni hulipa kwa kutojua. Nenda na mtu mzima wa familia, jadilianeni kwa heshima, andikeni mkataba, nawe utunze risiti. Garanti ni pesa yako, unastahili kurudishiwa unapohama.

Kuna pia suala la sarafu mbili. Minervali, yaani ada ya chuo, kwa kawaida huhesabiwa kwa dola, lakini sokoni unanunua kwa faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa faranga 930 hivi. Kufikia mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600, na mwaka 2024 ilipita 2,800. Aliyetunza ada yake kwa faranga tangu mwanzo wa 2016 hadi mwisho wa 2017 alipoteza kama asilimia 40 ya thamani yake bila kutumia hata senti. Kanuni ni fupi: tunza akiba katika sarafu utakayolipia. Pesa ya ada ikae kwa dola, pesa ya chakula ikae kwa faranga. Kanuni hii inakulinda faranga ikishuka, na inakulinda pia ikipanda. Dola zako zikague moja moja kabla hujaondoka kwa kambista, yule anayekubadilishia pesa, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo tu itakataliwa au itapunguzwa thamani.

Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya pesa za juma. Masomo huanza wakati mvua zinakaribia au zimeanza, na mahindi mapya hayavunwi hadi kuelekea Aprili. Katikati hapo unga hupanda bei. Tena Katanga inategemea sana mahindi ya Zambia, hivyo ukame wa kule unafika mezani kwetu. Kununua unga kwa meka kila siku, na makala kwa vifuko vidogo, ni kununua kwa bei ya juu kuliko zote. Wanafunzi wanne wakichanga mwanzoni mwa mwezi, wakanunua gunia la unga na gunia la makala, wakapika chungu kimoja, kila mmoja atapunguza gharama zake. Mpishi abadilike kwa zamu, na daftari la michango liwe wazi kwa wote.

Njia ya kuweka akiba tunayo tayari, nayo ni likirimba. Watu kumi wakitoa dola 5 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 50. Haina riba wala makaratasi, na aibu ya kuwaangusha wenzako hukusukuma kuweka akiba hata mwezi usiotaka. Omba zamu yako iangukie karibu na tarehe ya kulipa ada. Hatari yake ni mtu kupokea mapema kisha kutoweka, kwa hiyo ingia na watu mnaojuana, na wasiofahamika vizuri wapokee mwisho.

Kaa mbali na mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye Wakongo humwita Banque Lambert. Riba ya nusu ya mkopo kwa mwezi si ajabu kwake. Kopa dola 20, utarudisha 30, na hizo 10 za ziada ni chakula chako cha siku kumi katika bajeti ya hapo juu. Kaa mbali pia na wanaoahidi kuzidisha pesa haraka. Kinshasa ililia mwaka 1991 mradi wa namna hiyo, Bindo Promotion, ulipoanguka na akiba za watu. Leo ahadi kama hizo hupitia simu, lakini mwisho wake ni uleule.

Nanyi wazazi, msaada wenu una nguvu zaidi mkiugawa. Lipeni ada na kodi moja kwa moja, kisha za chakula zitumeni kila majuma mawili hata kama ni kidogo. Mwambieni mtoto ukweli wa kipato cha nyumbani, naye awaambie ukweli wa matumizi yake. Mwanafunzi anayejua dola yake ya kila siku, na mzazi anayejua tarehe ya kuituma, hawatahitaji kukopa kwa riba katikati ya mitihani.