Wapenzi wa Vitabuni Hutoka Wapi?

Mke wa askari ambaye mumewe yumo zamuni usiku huweza kuupitisha usiku huo kwa riwaya ya mapenzi. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na kitabu kilichoazimwa kwa jirani kimefunuliwa mezani. Afikapo ukurasa wa mwisho hukifunga, akabaki na swali moja: Je, watu hawa walikuwako? Yule kijana aliyeapa kurudi, na yule binti aliyemngoja, walipata kuishi mahali popote duniani, au ni mambo ya kubuni matupu?

Majibu mawili husikika mara nyingi. Wapo wasemao kwamba mwandishi huyatoa yote kichwani mwake, na wapo wasemao kwamba kila mwandishi wa mapenzi anasimulia mambo yake mwenyewe akijificha nyuma ya majina ya uongo. Majibu yote mawili yana upungufu. Historia za waandishi mashuhuri zaonyesha kwamba kiini cha riwaya hutoka katika maisha, lakini maisha hayo hukatwa, hushonwa upya na kuvikwa watu wengine. Zaonyesha pia kwamba kazi hiyo ina gharama, na mara nyingine mlipaji si mwandishi.

MAJERUHI NA MUUGUZI WAKE

Tarehe 8 Julai 1918, usiku, karibu na kijiji cha Fossalta kando ya mto Piave nchini Italia, kijana mmoja wa Kimarekani alikuwa katika mahandaki ya mstari wa mbele akiwagawia askari wa Kiitalia chokoleti na sigara. Yeye hakuwa askari. Alikuwa mtu wa kujitolea, dereva wa magari ya majeruhi ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, naye alikuwa hajatimiza miaka 19. Kombora la adui lilianguka karibu naye, na vipande vya chuma zaidi ya 200 vikamwingia miguuni. Kijana huyo aliitwa Ernest Hemingway.

Alipelekwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Milan. Huko alimkuta muuguzi wa Kimarekani, Agnes von Kurowsky, mwanamke mchangamfu aliyemzidi umri kwa miaka saba na ambaye hakuchoka kushika zamu za usiku. Wakapendana. Januari 1919 Hemingway alirudi kwao, karibu na Chicago, akisadiki kwamba Agnes atamfuata na watafunga ndoa. Mwezi Machi ikaja barua. Agnes alimwarifu kwamba amepata mchumba mwingine, ofisa wa Kiitalia. Ndoa hiyo na ofisa haikutimia, lakini Hemingway naye hakurudiwa.

Askari wengi wanaifahamu barua ya namna hiyo. Humfikia mtu kambini au kituoni, akaisoma mara tatu, kisha akaitia mfukoni na kurudi kazini bila kumwambia mtu. Hemingway aliifanyia barua yake mambo mawili, tena kwa nyakati mbalimbali.

Kwanza aliliandika tukio karibu kama lilivyotokea. Hadithi hiyo fupi, isiyozidi kurasa mbili, ilitoka mwaka 1924. Ndani yake yumo askari, hospitali, muuguzi na barua ya kuachana. Hata jina la muuguzi katika chapa ya kwanza lilikuwa Ag, nusu ya jina la Agnes. Baadaye mwandishi alilibadili. Hadithi hiyo ni kali kama pilipili, na asomaye huona wazi kwamba mwandishi angali na hasira.

Mwaka 1929 ndipo ilipotoka riwaya yake kubwa, A Farewell to Arms, jina lenye maana ya kuziaga silaha. Humo luteni wa Kimarekani anayehudumia magari ya majeruhi katika jeshi la Italia anajeruhiwa, analazwa Milan, na anapendana na muuguzi aitwaye Catherine Barkley. Lakini Catherine si Agnes. Yeye ni Mwingereza, na tena hamwachi mpenzi wake. Anakimbia naye vita, anavuka naye ziwa kwa mashua usiku kwenda Uswisi, na mwishowe anafariki katika uzazi. Hakuna barua ya kuachana. Kile ambacho duniani kilivunjwa na moyo wa mtu, kitabuni kinavunjwa na mauti.

Hadithi iliyolifuata tukio jinsi lilivyokuwa ilimaliza maneno katika kurasa mbili. Riwaya iliyoligeuza ndiyo ingali ikisomwa na watu ambao hawajapata kulisikia jina la Agnes. Ilimpasa mwandishi kungoja miaka kumi, hasira ipoe, ndipo aweze kumpa yule muuguzi wa kitabuni utu wake kamili: akili yake, mzaha wake, hofu yake na ushujaa wake.

MENGINE HUOKOTWA NJIANI

Si mambo yote ya riwaya hiyo yaliyotoka hospitalini Milan. Sehemu inayosifiwa sana ni ile ya jeshi la Italia likirudi nyuma kwenye mvua na matope baada ya kushindwa huko Caporetto. Maelezo yake yana uzito hata wasomaji wengi husadiki kwamba mwandishi alikuwamo. Kumbe mapigano hayo yalikuwa Oktoba 1917, na wakati huo Hemingway alikuwa bado Marekani, mwandishi mchanga wa habari katika gazeti la Kansas City.

Aliyapata wapi? Alisoma historia ya vita na kuchungua ramani. Aliwasikiliza waliokuwako. Na mwaka 1922, akiwa mwandishi wa habari, aliona kwa macho yake Wagiriki wa Thrace wakihama makwao kwenye mvua, mikokoteni ikifuatana barabarani na vitu vya nyumbani vikiwa juu yake. Huzuni ya barabara moja akaihamishia barabara nyingine.

Hata kifo cha Catherine kina asili yake. Mwezi Juni 1928, Hemingway akiwa katikati ya kuiandika riwaya hiyo, mkewe wa pili, Pauline, alipata uchungu wa muda mrefu katika hospitali mjini Kansas City, na ikalazimu apasuliwe ili mtoto atolewe. Mama na mtoto walisalimika. Lakini mume aliyekaa akingoja habari aliionja hofu ya kumpoteza mke, na hofu hiyo ndiyo aliyoiandika. Ukurasa wa mwisho ulimtaabisha mno. Mwenyewe alisema kwamba aliuandika upya mara 39.

Mtoto aliyezaliwa siku hiyo, Patrick, aliishi miaka mingi Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Tanzania. Alifundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo wanafunzi wa Afrika Mashariki walifundishwa na mtu ambaye kuzaliwa kwake kuliipa riwaya mojawapo mashuhuri ya mapenzi na vita mwisho wake wa huzuni.

BARUA ZILIZOSHONWA KWA UZI

Mapenzi yasiyojibiwa nayo ni chemchemi kubwa. Mwaka 1842 Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Kiingereza, alikwenda Brussels nchini Ubelgiji pamoja na mdogo wake Emily kujifunza Kifaransa, ili baadaye wafungue shule yao. Mwalimu wao alikuwa Constantin Heger, mtu mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, mwenye mke na watoto. Charlotte alimpenda kimoyomoyo. Alirudi Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1844, akawa anamwandikia barua za kumsihi ajibu, japo kwa maneno machache.

Heger alizichana barua hizo. Mkewe akaziokota vipande vipande, akaviunganisha, vingine kwa kuvishona kwa uzi, akaziweka. Barua nne zilizosalia zilitolewa na watoto wa Heger mwaka 1913, nazo zimehifadhiwa London. Yule mke hakuacha maelezo ya sababu zake, lakini mama wa nyumbani yeyote aweza kuzikisia.

Mwaka 1853 Charlotte alitoa riwaya ya Villette. Ndani yake mwalimu mkali mwenye moyo wa huruma, Paul Emanuel, anamfundisha mwanamke wa Kiingereza asiye na mali wala sura ya kuvutia. Tofauti ni kwamba wa kitabuni hana mke, naye anajibu upendo. Hata anampangia mpenzi wake chumba cha shule ili ajitegemee. Jambo ambalo Brussels lisingewezekana, wala lisingekuwa halali, kalamu ililifanya bila kumvunjia mtu nyumba. Hata hivyo Charlotte hakujipa raha kamili. Mwishoni mwalimu anasafiri baharini, tufani inavuma, na msomaji anaachwa aamue mwenyewe. Inasimuliwa kwamba baba yake, asiyependa vitabu vya huzuni, alimwomba wapenzi hao waishi kwa furaha. Binti alikubali kuficha kifo lakini hakukubali kukifuta.

DENI LA MWANDISHI

Hapa ndipo penye swali gumu. Aliyetwaliwa maisha yake na kutiwa kitabuni ana haki gani?

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Ujerumani. Mwaka 1772 Johann Wolfgang Goethe, mwanasheria kijana wa miaka 22, alifika mji wa Wetzlar. Katika dansi ya shambani alikutana na Charlotte Buff, msichana aliyekuwa akiwalea wadogo zake baada ya mama yao kufariki. Alimpenda, lakini msichana alikuwa na mchumba, Johann Christian Kestner, mtu mwaminifu aliyekuwa rafiki wa Goethe pia. Goethe alipoona hali haimfai, aliondoka bila kuaga. Baada ya wiki chache mtumishi mmoja wa ubalozi katika mji uleule, Karl Wilhelm Jerusalem, aliyekuwa akimpenda mke wa mtu, alijiua. Silaha aliyoitumia alikuwa ameiazima kwa Kestner, na Kestner ndiye aliyemwandikia Goethe maelezo ya msiba huo.

Goethe aliunganisha visa hivi viwili, chake na cha marehemu, akatoa riwaya ya mateso ya Werther mwaka 1774. Jina la Lotte, ufupisho wa Charlotte, aliliacha vilevile. Macho ya Charlotte yalikuwa ya buluu. Ya Lotte wa kitabuni ni meusi, nayo yalitoka kwa mwanamke mwingine ambaye mwandishi alimjua baadaye. Lakini wasomaji hawakujali macho. Kitabu kilienea Ulaya nzima, vijana wakavaa koti la buluu na kizibao cha njano kama Werther, na kila mtu akataka kumjua Lotte wa kweli ni nani.

Kestner na mkewe walihuzunika. Nyumba yao ya heshima ilikuwa imefanywa maneno ya watu, na mume wa kitabuni, Albert, alionekana mtu baridi asiye na hisia. Kestner alimwandikia rafiki yake kumlalamikia. Goethe aliomba radhi, na katika chapa ya mwaka 1787 alimtengeneza Albert awe mtu wa kuheshimika zaidi. Miaka 13 ilikuwa imekwisha kupita. Charlotte aliishi hadi uzee akiitwa Lotte wa Werther, ingawa maisha yake yalikuwa ya mke wa Kestner na mama wa watoto wengi.

Agnes von Kurowsky naye hakupenda kuitwa Catherine. Alikuwa na maisha yake, na kazi aliyoijivunia. Alipofariki mwaka 1984 alizikwa katika makaburi ya wanajeshi mjini Washington, kwa heshima ya utumishi wake katika Msalaba Mwekundu na si kwa sababu ya kitabu cha mtu.

KARIBU NA NYUMBANI

Waandishi wa Kiswahili nao huchota kisima kilicho karibu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, yaanzia kijijini humohumo. Yamhusu binti aliyelelewa kwa ukali na baba yake, akapotea alipokuwa mbali na nyumbani. Mambo hayo yaliwachoma wengi hata kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda. Baadaye kikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia. Aliyekisoma hakuhitaji kuambiwa kwamba mwandishi ameijua njia ya kisiwani na ukimya wa mama mbele ya mume mkali.

Askari au mama wa nyumbani atamaniye kuandika asidhani, basi, kwamba ni lazima asafiri hadi Milan. Katika kituo cha basi siku ya uhamisho, katika foleni ya zahanati, katika barua iliyochelewa miezi miwili, mna riwaya nyingi. Ajifunze kusikiliza na kungoja, kwa maana jambo la jana huandikwa kwa hasira tu. Achukue hofu ya huyu, sauti ya yule na macho ya mtu wa tatu, kama fundi ashonaye nguo moja kwa vitambaa vingi.

Lakini jina la jirani aliache kwa jirani, na siri aliyoambiwa kwa kuaminiwa asiiuze. Kama mtu atakisoma kitabu chake na kujitambua humo, na ajitambue peke yake, chumbani mwake, bila mtaa mzima kumnyoshea kidole.